Bawa Likigoma, Usivute

Nianze kwa kuwaomba radhi waendesha bodaboda wa Gungu, hapa Kigoma, maana wao ndio wanaoumia na masomo yangu. Kijana akiniuliza ndege inakaaje angani, simjibu kwa mdomo. Nampandisha bodaboda, na mimi napanda nyuma yake, mshikaki wa watu watatu, tunashika njia ya kwenda Mwanga. Pikipiki ikichanganya namwambia, "Haya, toa kiganja nje."

Na wewe unayesoma, siku ukipanda jaribu. Kiganja kikilala sawasawa na upepo, kinatulia. Ukikiinua kidogo upande wa kidole gumba, mkono wote unapanda wenyewe, unabebwa. Raha iliyoje! Ukiinua zaidi, unapanda zaidi. Unajiona bingwa. Unainua tena, na hapo ghafla hakibebwi. Kinatetemeka, kinasukumwa nyuma, mkono unadondoka. Kwa kawaida huo ndio wakati dereva anapopiga kelele: "We, rudisha mkono, utampiga mtu kofi!"

Basi hiyo ndiyo stoli mnayoisikia kwenye habari za ndege. Mimi naiita bawa kugoma. Watu kwa kinyozi hudhani ni injini kuzimika. Hapana jamani. Injini inaunguruma, mafuta yapo, chai inagawiwa kule nyuma. Bawa tu limeinuliwa mno mbele ya upepo, limechoka, limesema sibebi tena. Na dawa yake umeshaijua kwa kiganja chako: ukilaza tena, kinabebwa. Hata mtoto wa chekechea akitoa mkono dirishani anaulaza mwenyewe bila kufundishwa.

Sasa niambieni, kwa nini mtu mzima mwenye leseni, shati jeupe, mistari begani, bawa likigoma anavuta pua juu zaidi? Swali hilo limenilisha. Nimerusha ndege za abiria mpaka mvi zikanijaa, na miaka mingi ya mwisho nilikaa nyuma ya viti vya wenzangu nikiwafundisha jambo hilo moja: bawa likigoma, usivute. Leo nimestaafu, nafuga kuku Gungu, nabishana na watu. Lakini nikiulizwa mwanafunzi gani alinitoa jasho kuliko wote, simung'unyi maneno. Ni Zawadi.

Zawadi ni binti wa Mzee Issa, nahodha wa boti ya abiria inayotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini. Alikuwa rubani msaidizi, kijana, mwepesi wa kuelewa, anatua na ndege huku chai kwenye kikombe chako haijui kama mmefika. Tatizo lake lilikuwa moja. Kila rubani wa abiria hurudishwa mara kwa mara kwenye simuleta, kile chumba kilichosimama juu ya miguu ya mitambo, ndani yake kama ndege kabisa, kinakuyumbisha na kukuinamisha mpaka unasahau kwamba uko kwenye jengo. Humo tunakugomeshea bawa makusudi, tuone utafanya nini. Zawadi alifeli mara ya kwanza. Akarudia, akafeli. Ikabaki nafasi moja tu. Akikosa hiyo, kiti chake anakaa mwingine, yeye anapelekwa kwenye dawati la tiketi kuwaambia abiria mizigo imezidi. Na pale Kibirizi wapagazi, wauza dagaa, abiria wa baba yake, wote walikuwa wanajua kwamba binti wa nahodha anarusha ndege. Hebu fikiria aibu ya kurudi kwa watu hao.

Shirika likanipa mimi. "Kapteni Haruna, ni mtu wa kwenu, mnyooshe." Nikasema hiyo kazi ya asubuhi moja. Ningejua!

Nikamkalisha, nikamwuliza, "Zawadi, bawa likigoma unafanya nini?"

"Nashusha pua, Mwalimu."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya vyote. Nashusha mpaka mtetemo uishe, nanyoosha mabawa, naongeza nguvu kadiri inavyohitajika, halafu narudi taratibu kwenye urefu wangu wa angani."

Jibu safi, ungeweza kulitundika ukutani. Tukaingia kwenye mashine. Nikamgomeshea bawa. Usukani ukaanza kutetemeka, maana ndege zetu zina kifaa kinachoutikisa usukani mikononi mwako kukuonya. Zawadi akasukuma vizuri kabisa. Pua ikaanza kushuka. Na ilipoanza tu kushuka, huyo! Mabega nyuma, viwiko mbavuni, kidevu juu, akavuta usukani mpaka kifuani kama anayeng'oa mhogo. Bawa likagoma tena, safari hii kwa hasira. Tukaingia ziwani, ziwa la mashine.

"Mbona umevuta?"

"Sijavuta."

"Umevuta, Zawadi!"

"Mwalimu, sijavuta. Haki ya Mungu."

Mashine inatunza kila kitu, nikamrudishia tuone. Akajiangalia kwenye skrini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo ni mimi?" Nikaona hadanganyi. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi bila kumwuliza mwenye mikono.

Nisijifanye mimi nilizaliwa najua. Mwalimu wangu mwenyewe alikuwa Kapteni Sebastiani, Muha wa Kasulu, mnene, mpenda karanga. Asubuhi alikuwa anatusalimia "Mwakeye!" kwa sauti ya kuamsha maiti, halafu hatabasamu tena mpaka jioni. Siku zile hatukuwa na simuleta ya kumpeleka mtu. Bawa lilikuwa linagomeshwa kwenye ndege ya kweli, ndogo, juu ya ziwa, mbali kidogo na Bangwe, mahali ambapo mkianguka hamtaharibu nyumba ya mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza sababu hiyo, akitafuna.

Mara ya kwanza pua ilipoinama na kioo chote cha mbele kikawa maji matupu, nilimwita mama yangu kwa jina lake kamili. Kapteni Sebastiani hakushtuka. "Mama yako hana leseni," akasema. "Rusha ndege."

Dawa yake ilikuwa ya enzi zile: nguvu zote mbele, pua ishikilie hapo hapo, usipoteze urefu hata kidogo. Urefu ulikuwa kama mboni ya jicho. Ndege ikishuka kidogo tu, Kapteni Sebastiani anaacha kutafuna, na ukimya wa zile karanga ulikuwa unatisha kuliko matusi. Nikajifunza kung'ang'ania. Nikawa hodari wa kung'ang'ania, nikapewa wanafunzi, nikawafundisha kung'ang'ania. Tukaheshimiana sana, sisi wang'ang'aniaji.

Halafu mambo yakabadilika. Duniani ndege kubwa zilianguka huku rubani akivuta tangu juu mpaka chini, na watu wa kuchunguza wakasema hapana, tunawafundisha vibaya. Tukaitwa darasani, wazee watupu, mbele ya kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Akatuambia kwamba kuanzia sasa jambo la kwanza ni kulaza bawa. Nguvu zinafuata. Urefu ukipotea, upotee. Na kwenye ndege zenye injini zilizoning'inia chini ya mabawa, ukimwaga nguvu zote kwa pupa, injini zenyewe zinainua pua na kukuongezea balaa.

Nikanyoosha mkono. "Kijana, na nikiwa chini, karibu na ardhi?"

"Shikamoo Kapteni. Ukiwa chini unashusha kidogo. Lakini unashusha."

"Ardhi iko pale!"

"Ndiyo, mzee wangu. Na bawa lililogoma litakupeleka pale pale, tena haraka."

Nilibisha mpaka wenzangu wakaanza kuangalia saa, maana muda wa chai ulikuwa unaliwa. Kijana hakukasirika. Alinikaribisha kwenye mashine, akanigomeshea bawa karibu na ardhi, akaniacha nifanye kwa mtindo wangu. Nikang'ang'ania kwa ustadi wote niliopewa na Kapteni Sebastiani. Nikaanguka kwa ustadi huo huo. Kwenye chai sikugusa hata andazi.

Ndiyo maana nawaambieni nyie mnaotaka kazi hii, au kazi yoyote yenye mashine: mbinu itabadilika ukiwa katikati ya safari, na atakayekuletea mpya atakuwa mdogo wako, pengine ana chunusi. Msikilize. Bisha kidogo, ujisikie vizuri, halafu msikilize.

Basi kwa Zawadi nilijaribu kila nilichokijua. Nilimfundisha kushika usukani kwa vidole, kama unavyoshika kifaranga, maana ngumi haisikii kitu. Akashika kama kifaranga; pua ilipoinama, kifaranga akanyongwa. Nikampigia kelele. Nikanyamaza. Nikabandika plasta mbele ya macho yake, nimeandika SUKUMA kwa herufi kubwa. Bawa likagoma, Zawadi akaisoma kwa sauti, "Sukuma!", huku anavuta. Mimi nikatoka nje nikaenda kukaa kwenye ngazi, nikajiuliza kama ufundi wa kushona viatu bado unahitaji watu.

Tarehe ya mtihani ilikuwa imekaribia, shirika likatupa likizo fupi, tukarudi Kigoma. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia kwamba dawati la tiketi nalo ni kazi ya heshima. Sikuyapata. Badala yake baba yake akanipigia simu: kuna harusi ya mdogo wake Zawadi kule Mwamgongo, na mwalimu wa binti yake hawezi kukosa. Nikasema nitakuja. Mimi, nakiri kwenu, naogopa boti. Angani nimekaa maisha yangu yote, lakini mbao zikilia chini ya makalio yangu nasoma dua zote ninazozijua.

Tulitoka Kibirizi asubuhi, boti imejaa watu wa harusi, masufuria, magunia ya mchele, spika mbili na bibi mmoja aliyekataa kuachana na keki. Nyuma kwenye injini alikuwa Mzee Issa. Mimi nilikaa katikati karibu na mama yake Zawadi, mwanamke mcheshi aliyezaliwa ng'ambo, Kongo, na Kiswahili chake bado kina ladha ya kwao. Zawadi alikwenda moja kwa moja mbele kabisa, kwenye ncha, akakaa kama mtu aliyerudi chumbani kwake.

"Pale ndipo pa kwake tangu mutoto," mama yake akaniambia. "Ye ndiye anaonaka mawimbi, anamwambia baba yake."

Tulipopita Kalalangabo upepo ukaanza. Mawimbi ya ziwa letu mnayajua, hayana subira, yanakuja yamebanana. Boti ikapanda wimbi, ikafika juu, halafu pua ikaanguka kwenye shimo. Mzee Issa akapiga kelele, "Nyuma!" Watu wote wa harusi, na bibi na keki yake, wakajisogeza nyuma kwa pamoja, bila mjadala, ili mbele pawe pepesi na pua iinuke. Na pale mbele, kwenye ncha, kulikuwa na kamba nene iliyofungwa puani mwa boti. Zawadi akaidaka kwa mikono miwili, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mabega nyuma. Viwiko mbavuni. Kidevu juu. Kamba mpaka kifuani.

Nikasimama ndani ya boti. Mimi, mwoga wa maji, nikasimama wima katikati ya mawimbi nikanyoosha kidole na kupiga kelele, "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo hiyo!"

"Kaa chini weye!" mama yake akanivuta koti. "Utatuzamisha na harusi ya watu!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwenye boti zote za abiria za kule, anayekaa mbele hushika kamba ile, na pua ikianguka anaivuta kwa nguvu zake zote. Nilimwuliza Mzee Issa tulipofika kama kweli kamba inainua boti. Akafikiri. "Kuinua, hapana. Inamshikilia mtu asitupwe. Lakini tangu babu zangu tunavuta, na asiyevuta tunamwona mvivu." Sasa mtoto amekaa hapo tangu hajaota meno ya ukubwa. Pua ikiinama, vuta. Pua ikiinama, vuta. Mawimbi mangapi hayo? Halafu naja mimi na plasta yangu.

Nikamweleza Zawadi pale pale ufukweni, viatu vimejaa mchanga. Hakucheka. Aliangalia viganja vyake, machozi yakamlengalenga.

"Kwa hiyo haiponi," akasema. "Iko kwenye damu."

"Iko kwenye viwiko," nikamwambia. "Damu ni mbali zaidi."

Likizo yote iliyobaki tuliifanyia kazi. Nyumbani kwangu Gungu nilimkalisha kwenye kiti cha mbao uani, mikononi mpini wa jembe badala ya usukani, mimi nyuma nimeshika egemeo. Nautikisa mpini, naye anasukuma. Nakiinamisha kiti mbele, miguu ya nyuma juu, na yeye kazi yake ni kuendelea kusukuma huku anaona ardhi inamjia usoni. Mara ya kwanza alivuta, tukaanguka wote kwenye banda la kuku. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mzee Haruna, huyo binti anaumwa?"

"Anajifunza urubani."

Jirani akaangalia mpini, akaangalia kuku, akaniangalia mimi. "Pole sana," akasema, na sikujua pole ile ni ya nani.

Lakini uani hapakutosha. Kiti hakina ziwa chini yake, na mwili unajua. Ikabidi tumrudishe pale pale alipojifunzia. Nikaenda Kibirizi kumwomba Mzee Issa amruhusu binti yake akae mbele ya boti, pua ikianguka asiguse kamba. Badala yake asukume viganja mbele, kwenye ukingo wa boti, atulie, asubiri.

Mzee Issa alinitazama mara moja. Alikuwa anafunga injini kwa turubai na hakuacha kuifunga.

"Kapteni, mimi nimemfundisha huyu kushika. Ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumfundisha. Wewe unataka niseme aachie?"

Ilikuwa kweli na ilikuwa inauma. Nikamwambia, "Asipoachia, wanamtoa kwenye ndege."

Akafunga fundo la mwisho. "Kesho tunakwenda Kagunga," akasema. "Mje mapema. Na wewe uje, usinitumie mtoto peke yake."

Nilikwenda, jamani. Nilikwenda na kurudi, na tena, nimeshikilia ubao kama ndugu yangu. Zawadi mbele, kamba imelala pembeni yake. Pua inaanguka, mkono unaruka kuelekea kamba, anaurudisha. Abiria walianza kulalamika. Mama mmoja mwenye ndoo za mawese akapaza sauti, "Nahodha, huyo binti wako leo mbona havuti? Amechoka na maisha?" Mzee Issa, aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote, akajibu, "Niachie mwanangu. Yuko kazini." Safari ya mwisho, tukirudi na upepo mkali wa kusini usoni, pua ilianguka shimo refu mpaka nikaliona ziwa juu ya kichwa cha Zawadi. Viganja vyake vilikwenda mbele. Vikakaa huko. Boti ikapanda yenyewe, kama ambavyo ingepanda siku zote. Zawadi akageuka kumwangalia baba yake. Mzee Issa alijifanya anashughulika na injini.

Siku ya mtihani mtahini hakuwa mimi. Hairuhusiwi kumtahini uliyemfundisha. Alikuwa Kapteni Neema, mwanamke mwenye sauti ya upole sana, na marubani walikuwa wanaiogopa sauti hiyo kuliko radi. Kwa hisani yake niliruhusiwa kukaa nyuma, kwenye kiti cha mtazamaji, kwa sharti moja. "Usiseme neno, Kapteni Haruna. Wala usikohoe kwa maana."

Nikajifunga mikanda. Zawadi alikuwa kiti cha kulia. Wa kushoto alikuwa rubani mwingine aliyeagizwa asimsaidie kitu. Niliona shingo ya Zawadi tu, na mshipa unaopiga pale pembeni. Wangu mimi ulikuwa unapiga zaidi. Nilikuwa nampenda yule binti kama wangu, na niliogopa.

Kapteni Neema alimwacha aruke kwa amani muda mrefu. Wingu jeupe madirishani, mitambo ya kujirusha ndiyo inayorusha ndege. Halafu kimyakimya akapunguza nguvu za injini. Mitambo haisemi; inataka tu kubaki kwenye urefu ulioiagiza, kwa hiyo inainua pua kidogo, na kidogo tena, huku mwendo unakwisha. Mkumbuke hilo siku mkirusha: pua inaweza kuinuliwa na msaidizi mnyenyekevu kuliko wote. Usukani ukatetemeka.

"Stoli," akasema Zawadi. Akazima mitambo hiyo ya kujirusha, akasukuma.

Pua ikainama. Tukatoka kwenye wingu na kioo chote kikawa ziwa. Chumba kikatuinamisha mpaka mikanda ikanibana. Urefu ulikuwa unakimbia, na najua Kapteni Sebastiani kule aliko aliacha kutafuna. Shingo ya Zawadi haikusogea. Mabega yalibaki mbele. Akasubiri. Hapo ndipo penye kazi yote, vijana wangu, kwenye kusubiri: mtetemo umekwisha, mwili mzima unadai uinue sasa hivi, na wewe unasubiri mwendo urudi kwanza. Ukarudi. Akanyoosha mabawa, akaongeza nguvu, akainua pua taratibu kama anayemwamsha mgonjwa.

Kapteni Neema akampeleka karibu na kiwanja, chini, magurudumu yametoka, vilima viko dirishani. Sikutegemea. Pale ndipo kila mtu huvuta. Nilishaanguka pale mimi mwenyewe. Akamvurugia upepo, mwendo ukakatika, usukani ukatetemeka na ardhi iko pale pale inatutazama.

Zawadi akasukuma. Kidogo tu, kiasi kile bawa lilichohitaji. Niliona mapaa ya mabati. Niliona mti mmoja mmoja. Akasubiri, nguvu zikaingia, mtetemo ukafa, na ndege ikaanza kupanda juu ya vilima, imetulia.

Chumba kikashuka kwenye miguu yake, taa zikawaka. Kapteni Neema akageuza kiti chake, lakini hakumwangalia Zawadi. Aliniangalia mimi. Zawadi naye akageuka, akaniona, akaziba mdomo kwa mkono.

Ndipo nilipojiangalia. Visigino nimevikita sakafuni. Nimejitupa nyuma mpaka kiti kinalia. Mikanda yangu nimeikamata kwa ngumi mbili, nimeivuta kifuani, viwiko mbavuni, kidevu juu.

"Kapteni Haruna," Kapteni Neema akasema kwa ule upole wake, "unavuta nini?"

Sikuweza kuiachia mara moja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. "Niambie kwanza," nikasema. "Amefaulu au hajafaulu?"

"Yeye amefaulu," akasema. "Wewe ndiye itabidi urudie."